Kiti na Karatasi

Naandika haya nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Mimi ni motari, nabeba watu kwa pikipiki, na Goma, mashariki mwa Kongo, ndipo nilipozaliwa. Jina langu sitaliandika, na si kwa woga peke yake. Mtu wa kwetu Kivu akishalisikia jina lako la pili amekwisha kukupa kabila. Akishakupa kabila hakusikilizi tena, anangoja tu umthibitishie alichokwisha kukudhania. Naomba nisikilizwe kwanza.

Jumatatu tarehe 25 Julai 2022 niliiba kiti. Kilikuwa kiti cha ofisi, cheusi, cha kuzunguka, chenye magurudumu matano, mgongo wake bado umevikwa nailoni ya dukani. Nilikitoa katika ghala la walinda amani wa Umoja wa Mataifa, mimi pamoja na umati uliokuwa ukiimba kwamba Monusco iondoke. Mbele yangu kijana alikuwa amejitwika godoro. Nyuma yangu wawili walisukuma friji juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Mimi kiti kilinifaa kwa sababu ningeweza kukifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani Majengo.

Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage.

"Hii kiti umeitosha wapi?" Kwa Kiswahili chetu cha Goma, kutosha ni kutoa.

Nikamwambia ni cha Monusco, sasa ni chetu. Akauliza kama wamenipa. Nikajibu kwamba watu wale wametukalia miaka zaidi ya ishirini, nasi tumechukua kiti kimoja tu. Akarudi kwenye maharage yake, na bila kuinua kichwa akasema, "Baba yako naye alirudi siku moja na karatasi, anacheka vile vile."

Sikuuliza karatasi gani. Yeye hakukikalia kile kiti. Wageni walikikalia, watoto walikigeuza gari, kuku alitagia juu yake mara mbili. Mama alivuta benchi lake la mbao.

Niseme hasira ile ilitoka wapi, maana hasira yenyewe siionei haya. Ninachoonea haya ni kiti. Mwezi mmoja kabla, tarehe 13 Juni, waasi wa M23 walikuwa wameteka Bunagana, mpakani na Uganda. Mwisho wa mwezi ule mkuu wa Monusco, Bintou Keita, aliliambia Baraza la Usalama kwamba M23 sasa wanapigana kama jeshi la kawaida kuliko kikundi cha waasi. Alikuwa anaonya. Sisi parkingini, tunakosubiri abiria, tulisikia neno moja tu: hawawezi. Tarehe 15 Julai rais wa Seneti, Modeste Bahati, akaja Goma akasema mbele ya watu kwamba wafunge mizigo. Na kila mmoja wetu alikuwa anaikumbuka tarehe 20 Novemba 2012, M23 walipoingia mjini kwa miguu, jeshi letu limekwisha kukimbia, na kofia za buluu ndani ya magari yao meupe hazikuwazuia.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Kwa azimio namba 2098 Umoja wa Mataifa uliunda brigedi ya wanajeshi wapatao 3,000 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, na kwa mara ya kwanza ukairuhusu kushambulia bila kungoja kushambuliwa. Wale Watanzania walizungumza Kiswahili kama cha redioni. Tuliwacheka, lakini Agosti, vita vilipokuwa Kibati juu ya mji, tuliwaombea. Novemba M23 wakakimbia. Kwa hiyo atakayesema walinda amani hawakuwahi kufanya kitu, mimi sitamwitikia. Nadhani hata shida yetu nao ilianzia pale: walituonyesha kwamba wanaweza, na tangu siku ile kwa kila kijiji kilichochomwa tuliwauliza mbona mwaka ule mliweza. Desemba 2017 waasi wa ADF walivamia kambi yao ya Semuliki, upande wa Beni, wakaua wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 usiku mmoja. Goma tuliiongea habari ile siku mbili, tukarudi kwenye bei ya petroli.

Siku zile za Julai 2022 walikufa watu zaidi ya 30, Goma, Butembo, Uvira na kwingine. Butembo waliuawa pia walinda amani watatu, Mmoroko mmoja na Wahindi wawili. Nilianza kukitazama kiti kwa jicho jingine. Halafu tarehe 31 Julai, mpakani Kasindi, walinda amani waliokuwa wanarudi kutoka likizo walifyatua risasi wakaua raia. Nisifiche: habari ya Kasindi ilinipa raha fulani mbaya. Ilinirudishia haki yangu. Nikakikalia kiti, nikazunguka.

Mtu niliyekuwa wakati ule alikuwa na jibu moja kwa kila swali. Vita vina mwenyewe, na mwenyewe yuko mbali. Abiria akipanda Birere anashuka Ndosho, njiani nimemaliza kumweleza: ni koltani ya Rubaya, ambako hutoka kiasi cha asilimia 15 ya tantali ya dunia, ni simu za watu wa Ulaya, ni Kigali, ni Kinshasa wanaokula mishahara ya askari. Sikuwa nasema uongo hata kidogo. Ila katika orodha yangu ndefu ya wenye vita, hapakuwa na mtu hata mmoja wa kwetu.

Usiku mmoja mwaka 2023, umeme umekatika, nilimuuliza mama kwa nini kiti kinamchoma. Hakujibu habari ya kiti. Akaanza na Julai 1994. Nilikuwa na miaka kumi, nakumbuka miguu: miguu, miguu, miguu, inapita mbele ya nyumba mchana na usiku, karibu watu milioni moja ndani ya siku chache, wametoka Rwanda baada ya mauaji ya kimbari. Mama alikuwa na mabidoni mawili ya maji, akawa anawapa kwa kikombe mpaka yakaisha. Kisha kipindupindu. Goma ni mwamba wa volkano, jembe haliingii. Maiti zilipangwa kando ya barabara zikiwa zimefungwa mikeka, mpaka mashine za wanajeshi wa Ufaransa zikachimba mashimo. Dunia ilikuja kweli, alisema. Ndege moja inatua nyingine inangoja. Hema, biskuti, dawa.

"Lakini wenye bunduki nao walikuwa mule mule kambini, Kibumba, Katale, Mugunga. Wanajipanga, wanahesabu watu, wanagawa unga. Wenye msaada wakapakua kijiko kimoja kwa mtoto na kwa mwuaji. Kila mtu aliona."

Kweli waliona. Novemba ya mwaka ule tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijitoa kambini kwa sababu hiyo hiyo, kwamba msaada unawalisha walioua. Askari wa kimataifa wa kuwatenga wapiganaji na raia hawakutumwa. Ni kazi ya hatari na haina picha nzuri. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1996, vita vikaanza, Novemba Goma ikatekwa, kambi zikavunjwa kwa risasi. Waasi wa FDLR ambao Rwanda inawataja hadi leo kila inapoulizwa ina shughuli gani Kivu, mzizi wao uko katika kambi zile.

Nikasema, unaona basi, ni wao walioleta.

"Hapana. Sisi tulikuwa tumekwisha kuuana Masisi mwaka uliotangulia. Wakimbizi walitukuta tunauana. Muulize baba yako ng'ombe wake walikwenda wapi."

Baba amekufa tangu 2004. Nikaenda kulala.

Karatasi ilinijia yenyewe Februari 2024. M23 walikuwa wameizunguka Sake, kilomita zisizofika thelathini kutoka mjini, na watu wa milima ya Masisi wakashuka kwa maelfu kwenye kambi za Bulengo na Lushagala. Wenyeji wakishuka, makomisioneri hupanda. Komisioneri wetu ni dalali, na vita ni majira yake ya mavuno, kwa sababu mwenye shamba hayuko shambani na mwenye karatasi ana njaa mjini. Mmoja alinifuata parkingini. Alijua kwamba baba yangu, karani mdogo enzi za Mobutu, alikuwa na hati ya kilima huko Masisi. Alikuwa tayari kutoa dola elfu saba. Pikipiki yangu ilikuwa ya mkopo.

Mama alifungua sanduku bila neno. Hekta 14, mwaka 1986, muhuri wa Zaire na kichwa cha chui wake. Jina la baba kwa taipureta. Komisioneri alitaka jambo moja tu zaidi, nipate mzee wa kilima kile aseme mbele ya mashahidi kwamba hakuna mgogoro. Wazee wa kilima kile walikuwa Bulengo. Mafuta ya pikipiki alinipa yeye.

Bulengo imekaa juu ya mawe makali ya volkano, karibu na ziwa, na mahali pengine kuna mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa mabondeni. Mtoto akishuka kufuata mpira haamki. Hema zilikuwa zimebanana hata kamba zilipishana. Niliuliza kilima, nikaelekezwa kwa mzee aliyekuwa anashona kandambili kwa waya. Nikampa karatasi. Hajui kusoma Kifaransa, lakini alikishika kile kichwa cha chui kwa kidole gumba, akanitazama.

"Wewe ni mutoto wa karani."

Akanisimulia kama anayesoma. Walikuja watu watatu na mnyororo wa kupimia, wakati maharage yako kwenye maua. Chifu alikuwa amekwisha kupewa ng'ombe wawili na koti. Familia ziliambiwa zisiogope, hakuna anayefukuzwa, watalima kwa ruhusa, na ruhusa watailipa kwa kazi, siku mbili kwa juma. Kisha ng'ombe wa karani wakaletwa, nao hawakujua mpaka. Wakala maharage ya mwaka wa kwanza, na wa pili. Watu walikwenda kushtaki; wakaambiwa waonyeshe karatasi.

"Mwaka 1993 vita vilipowaka, ng'ombe wa baba yako tuliwala. Nisikudanganye. Hata mimi nilikula."

Nilicheka, naye akacheka, na mke wake ndani ya hema akacheka. Halafu pakawa kimya.

Nilimuuliza wanawe wako wapi. Wa kwanza alikufa 2008. Mjukuu wake aliingia porini mwaka 2019, kwa sababu baada ya ng'ombe wa baba kwisha alitokea mtu mwingine na karatasi nyingine ya kilima kile kile, na kamanda mmoja aliwaambia vijana kwamba atakayeshika bunduki atarudishiwa shamba la babu yake. Sikumwuliza ni kikundi gani, hakuniambia. Niliirudisha karatasi kwenye mfuko wa plastiki, nikahisi uzito wake. Yule kijana alikuwa anapigania hekta zilizoandikwa jina la baba yangu, na mimi kwa miaka yote nilikuwa naeleza abiria wangu kwamba vita ni vya watu wa simu.

Sikumkatalia komisioneri. Ningependa kuandika kwamba nilimkatalia siku ile ile, lakini nilimwambia asubiri, na ukweli ni kwamba nilitaka aongeze bei.

Wakati nangoja, nikaanza kuuliza. Kuna mwanasheria ninayembeba kila asubuhi, akawa ananipa somo la dakika kumi kila safari, mimi mgongo wangu kwake, upepo ukila nusu ya maneno. Kati ya 1937 na 1955, alisema, Wabelgiji walihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda kuwaleta Masisi, kule walibanana, huku walitaka mikono ya mashambani. Hawakuwauliza waliokuja wala waliowapokea. Mwaka 1972 sheria ikawapa uraia watu wa Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu kabla ya 1960. Mwaka 1981 ikaja nyingine ikaufuta, ikamtaka kila mtu athibitishe kwamba ukoo wake ulikuwa Kongo mwaka 1885. Nani ana ushahidi wa 1885? Kati ya hizo mbili, Julai 1973, sheria ya ardhi ilitangaza kwamba udongo wote ni wa dola, na kwamba mashamba ya kimila yatawekewa utaratibu kwa amri ya rais. Amri hiyo ilisubiriwa miongo na miongo. Katika pengo lile mtu yeyote mwenye mshahara na rafiki ofisini aliweza kununua kilima chenye watu kama kilima kitupu. Wakubwa walichukua mashamba ya maelfu ya hekta. Makarani walichukua 14.

Machi 1993, katika soko la Ntoto, Walikale, wanamgambo waliua watu waliokuwa wanauza na kununua, na moto ule ukapanda Masisi. Walikufa maelfu. Hapo hapakuwa na mkimbizi wa 1994, wala M23, wala vita vya koltani.

Najua yatakayosemwa. Kwamba huyu motari sasa anaitakasa Rwanda. Siitakasi. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa upande wetu wa mpaka pamoja na M23, Kigali inakana, mimi naishi kilomita chache kutoka kwenye mpaka huo na nina macho. Mtu mwenye kiberiti ana hatia. Ila nimechoka kusimulia habari za kiberiti tu wakati nyasi kavu nimezikuta ndani ya sanduku la mama.

Mwisho wa Aprili M23 wakaichukua Rubaya. Tarehe 3 Mei makombora yakaangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, wakafa wanawake na watoto. Nilikimbia Bulengo na nusu gunia la unga. Mzee alikuwa hai. Alipokea unga, akauliza, "Umeuza?" Nikasema bado. Akasema ahsante, sikujua ni ya unga au ya nini.

Kisha Januari 2025. Wengine wameandika vizuri kuliko mimi jinsi mji ulivyoanguka mikononi mwa M23 tarehe 27, nami sina hamu ya kuanza upya: tulilala sakafuni, maji yakakatika, gereza la Munzenze likavunjwa, watu wakachota maji ya ziwa wakipita juu ya waliokufa. Umoja wa Mataifa ulihesabu karibu maiti 3,000. Mtoto wa jirani yetu alipigwa kipande cha bomu pajani. Tulimkalisha kwenye kiti changu cha magurudumu tumsukume hospitali, kwa kuwa nilidhani hatimaye kiti kitafanya kazi ya maana. Hakikwenda hatua kumi. Magurudumu ya ofisi na kokoto za volkano havijuani. Mtu akaleta chukudu, tukamlaza juu yake na shuka, tukakimbia. Sasa anachechemea, lakini yuko shuleni.

Siku zile nilipita mbele ya ukuta ule ule nilioupanda mwaka 2022. Ndani ya kambi za Monusco walikuwa wamejaa askari wetu wenyewe waliosalimisha silaha, wamekaa chini juani, mamia kwa mamia. Walinda amani wale wale tuliowaambia watoke ndio waliokuwa wamewafunika. Wanajeshi 14 wa Afrika Kusini walikufa katika vita vile, na wengine wa Malawi, Tanzania na Uruguay. Nilizima injini. Sijui nilitaka nini, labda mtu wa kumwambia habari ya kiti. Mlinzi akanionyesha kwa mkono niondoke, nikaondoka.

Februari wakuu wapya wa mji waliwaamuru waliokuwa kambini kurudi makwao, Bulengo ikabaki mawe. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Komisioneri wangu akahamia Kampala, ambako pia yuko ndugu yangu mdogo, na sasa wawili hao wanapigiana simu. Ndugu yangu anasema karatasi ni urithi wa wote, na kisheria hajakosea.

Zamani nilikuwa nabadilisha redio zikianza habari za mazungumzo. Sasa nasikiliza mpaka mwisho, kama anayesikiliza kesi yake. Azimio 2773 la Februari 2025, M23 watoke Goma na Rwanda iondoe askari wake. Washington tarehe 27 Juni, mawaziri wa Kongo na Rwanda. Doha tarehe 19 Julai, serikali na M23, na tena Doha tarehe 15 Novemba. Washington tarehe 4 Desemba, marais wenyewe, Tshisekedi na Kagame, mbele ya Trump. Nimekuwa na tabia ya kutafuta neno moja katika kila karatasi, nalo nalikuta karibu kila mara: wakimbizi warudi makwao. Wanalipita upesi, kama motari anavyopita shimo analolijua. Parkingini nikianzishiwa hadithi ya wenye vita, nauliza kwanza, "Nyinyi kwenu muna shamba? Lilikuwa la nani?" Wengine wameacha kupanda pikipiki yangu.

Mzee alishuka Goma Jumamosi ya tarehe 6 Desemba, siku mbili baada ya sahihi za Washington, na jibini mbili za Masisi za kuuza na macho ya kutibiwa. Alikuja moja kwa moja nyumbani. Mama alimvutia benchi, lakini yeye alikuwa amekwisha kukiona kiti, akakikalia, kikazunguka naye nusu mduara akabaki anautazama ukuta. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hii kiti inageuka kama chifu wetu."

Nilimwambia nimeamua kuichoma karatasi mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno hayo miezi kadhaa, hata kiberiti kilikuwa mfukoni.

"Usichome," akasema. "Ukiichoma, kesho mwingine atatengeneza ingine, na wewe hutakuwa na ya kumwonyesha. Geuza nyuma. Andika majina yetu."

Haina nguvu yoyote mbele ya sheria. Mwanasheria wangu wa asubuhi alinithibitishia baadaye, tena kwa kicheko. Lakini niliigeuza, nikachukua kalamu ya mtoto, mama akaleta taa. Nje mvua. Redio ya jirani ilikuwa inarudia tena hotuba za Washington. Siku nne baadaye Uvira ingetekwa, lakini jioni ile hatukujua. Mzee alitaja jina la familia, kisha mpaka wake: mti, kijito, kaburi. Nikaandika. Alibishana nami tahajia ya jina la baba yake mwenyewe. Tukafika la kumi na moja akanyamaza.

Mama akauliza kutoka jikoni, "Na wale wa upande wa mgomba?"

Sikujua kwamba mama aliwahi kufika kule. Mzee alizungusha kiti kidogo, kushoto, kulia.

"Hao hawako. Wako Rwanda, kambini Kiziba, tangu 1996."

"Kabla ya hapo walikuwa wapi?" nikauliza.

"Pale pale."

"Tangu lini?"

"Babu yao aliletwa na Wabeleji. Mimi nilizaliwa nikawakuta." Akafikiri. "Tuliolewana nao. Lakini walikuja. Sisi tulikuwapo."

"Waandike," mama akasema.

"Mama, mimi sikatai. Lakini nikiwaandika, vijana kule juu wataniuliza nimeuza kilima. Wataniuliza usiku."

Hakuna aliyejibu. Mjukuu wake alikuwa mmoja wa hao vijana wa kule juu, kama bado alikuwa hai. Nikaandika 12, nikaweka nukta, kalamu ikabaki hewani. Mzee akaomba chai.